Bawa la Kushoto

Kila Jumamosi nawatembeza wageni kwa miguu, kuangalia nyumba za kale za Ngamiani, na kila Jumamosi nilikuwa nakwama kwenye nyumba moja. Ina roshani ya mbao na mlango wa nakshi wenye mabawa mawili. Ua wake wa ndani, wanasema waliouona, hauna mfano mjini. Mimi Edgar, mjukuu wa mkata mkonge, mtoto wa Makorora, niliutamani ua ule. Miezi minne nikapiga hodi tatu tatu, nikitaja na jina langu, sijibiwi. Nikaamua ni kiburi cha wenye nyumba, na kiburi hata mimi ninacho.

Basi nikawa nawachekesha wageni pale pale barazani. Nagonga bawa la kushoto kwa ngumi, nasema, "Hili limekwama tangu enzi za Mjerumani." Wanacheka, tunapita.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na walimu sita kutoka Dodoma. Nimegonga, wamecheka, mara bawa la kulia likafunguka. Alisimama bibi mwembamba aliyejifunga kanga mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe Edgar, sauti yako naijua. Mie Asmahani, mjane wa Suleimani. Mwanangu, bawa hilo halikukwama. Kwetu hufunguliwa bibi harusi akiingia na maiti akitoka. Mie niliingilia hapo. Mume wangu alitokea hapo, mwezi wa Rajabu."

Rajabu nilikuwa Maramba, navuna mahindi. Niliporudi ndipo nilipoanza matembezi yangu.

"Na hodi zangu, bibi?"

"Nilikuwa edani. Miezi minne na siku kumi simtokei mwanamume wa kando, na wa kunijibia sina. Nikikaa nyuma ya mlango huu, nakusikia ukigonga, nawasikia wakicheka."

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliumiza moyo wa mtu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba radhi.

"Nimekusamehe. Mwanzo nilikuwa nalia. Baada ya hitima watu wakapungua, nikawa naingoja Jumamosi. Hakuna mwingine aliyekuwa akibisha hodi."

Akatukaribisha uani. Walimu walipiga picha kila nguzo. Mimi sikuona kitu.

Wakati wa kuaga akanishika mkono. "Nitakapotolewa mie, bawa hilo litafunguliwa tena. Uje upokee jeneza, hata hatua saba."

Nikasema nitakuja. Jumamosi hii sina wageni, ila hodi nitapiga.