Ejo ya Kasilda

Mjukuu wangu Shakila alipata kazi ya leta mwaka ule ule aliomaliza chuo. Leta ni serikali, kwa msiotujua. Hapa mtaani kwetu Muyinga tulipika pilau, na baba yake Hamadi, ambaye ni fundi cherehani, akamshonea suti. Mguu mmoja wa suruali ulitoka mrefu kuliko mwenzake, tukasema ndiyo mitindo ya maofisa.

Alipangiwa ofisi moja upande wa Giteranyi, jina lake naliacha, kupokea watu waliorudi kutoka Tanzania. Mkuu wake, Venansi, alikuwa na amri moja: "Hapa leta inasema Kirundi. Kiswahili mkaseme sokoni." Basi mtoto niliyemtoa chawa kwa Kiswahili akawa anakifungia kwenye pochi kila asubuhi.

Siku hiyo akaja Kasilda, mama mkulima aliyezaliwa kambini Tanzania na kurudi na familia yake. Binti yake Christina alikuwa na mimba iliyokwisha kukomaa, miguu imevimba, ingawa uchungu haujaanza. Gari la wagonjwa hupita huko kilimani kwao mara moja kwa wiki. Kasilda akauliza kwa Kiswahili, kwa adabu zote: "Samahani dada, gari linapita lini?"

Venansi alikuwa amesimama nyuma. Shakila hakuinua hata macho. Akajibu neno moja: "Ejo."

Sasa, Kirundi hapo ni kama kinatutania. Ejo ni kesho, na ejo hiyo hiyo ni jana. Maneno yanayofuata ndiyo yanayokuonyesha upande. Shakila hakufuatisha kitu. Na Kasilda neno hilo alilisikia zaidi kwa marehemu mama yake, kule kambini, jioni za kusimulia nchi waliyoikimbia: ejo tulikuwa na shamba, ejo tulikuwa na ng'ombe. Kwa Kasilda, ejo ilikuwa imekwisha kupita siku zote. Akaelewa kwamba gari lilipita jana, na wiki nzima ya kungoja jingine hana.

Akampakia binti kwenye baiskeli, mumewe Nazario akisukuma, wakashika njia ya miguu kwenda zahanati. Njia ile ni mawe matupu. Damu ilianza kabla hawajafika mtoni, na Christina akafa hapo hapo kwenye baiskeli na mtoto wake tumboni. Siku iliyofuata gari likaja, likapiga honi weee, likakuta watu wanachimba kaburi.

Kilimani wakampa Kasilda jina: Mama Ejo. Watu bwana, hata msibani hawakosi cha kuchekea. Nazario akaacha kula chakula alichopika mkewe. Alimwambia mbele ya watu, "Umerudi kwenu hujui hata neno la kwenu, umeniulia mtoto."

Habari zikamfikia Shakila, akajua neno lilikuwa lake. Akanyamaza, akakonda, akaanza kutafuta namna ya kuondoka leta. Akaomba nafasi ya kusoma masta kule Gitega, masomo ya kuendesha mashirika yasiyo ya faida.

"Yasiyo ya faida?" nikamuuliza. "Na hilo linasomewa? Duka la baba yako halijapata faida tangu uzaliwe, na hatujaona diploma."

Hakucheka. Kilichobaki kilikuwa kuhojiwa na walimu na ruhusa ya masomo, na ruhusa iko mkononi mwa Venansi. Akamwita ofisini.

"Nitasaini, na kazi yako itakungoja," akamwambia. "Lakini yule mama alisikia vibaya. Tumeelewana, madamu?"

"Ndiyo, shefu."

Wiki ya kwenda Gitega kuhojiwa na walimu, baada ya alasiri, akataka kujizoeza. Mimi nikawa mwalimu. Nikavaa miwani ya Hamadi, nikakunja mdomo.

"Haya, madamwazeli. Kwa nini unaacha kazi ya leta?"

"Niliona mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania," akaanza, sauti imenyooka kama ya redio, "akampoteza binti yake kwa sababu hakujua lugha ya huduma. Nataka kuwasaidia watu kama yeye."

"Vizuri sana. Na we uko wapi humo ndani?"

"Bibi, acha mizaha."

"Si mimi. Ni mwalimu anauliza."

Akafunika uso kwa mtandio. Nikavua miwani, maana mchezo ulikuwa umekwisha. Alipomaliza kulia akaniambia yote niliyowaandikia hapo juu, kisha akasema, "Nikienda kumwambia, ruhusa imekufa. Na kazi imekufa."

"Wewe bado uko hai," nikasema. "Yule mama sijui."

Asubuhi yake tukapanda moto mbili, ndizo pikipiki zetu za abiria, hadi Giteranyi. Kasilda tulimkuta anamenya mihogo, Nazario ameketi upande wa pili wa ua, amempa mgongo. Shakila akapiga magoti kwenye maganda, suti na yote.

"Mama, gari lilikuwa la kesho yake. Mi nilikujibu neno moja, na Kiswahili nakijua kama wewe. Hukukosea. Nilikosea mimi."

Kasilda hakuacha kumenya. "Rudia," akasema. "Simama useme kwa nguvu. Hawa majirani wana masikio makubwa, leo yafanye kazi."

Shakila akasimama, akarudia kwa sauti. Vichwa vikatokeza juu ya ua wa miti. Nazario akamgeukia mkewe, akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Kasilda akamwambia. Kisu akakiweka chini. "Na nyinyi wageni nendeni. Tangu tumzike sijamlilia mwanangu. Nilikuwa najibu kesi."

Tulikuwa hatujafika kwenye moto zetu alipoanza. Sitakiandika kilio kile.

Simu ya Shakila ikaita. Habari hukimbia kuliko moto. Alikuwa Venansi. Shakila akamwachia apige kelele hadi akachoka, kisha akamwambia aandike tu barua ya kumfukuza kazi, yeye atapita kuichukua kabla ya kwenda Gitega.