Machela ya Nanga Tatu

Baa ya Nanga Tatu, mjini Buffalo, Marekani, ina ngazi sita za mawe kwenye mlango wa ubavuni, na mawe hayo yanalindwa na sheria. Mlango ulijengwa mwaka 1887 kwa ajili ya wanawake, ambao enzi hizo hawakuruhusiwa kuonekana kaunta. Walipitia ubavuni, wakanywea chumba cha nyuma chenye vioo vya rangi, kisha wakarudi makwao kama vile hawakutoka. Mbele kulikuwa na kaunta ya mkangazi iliyochongwa zabibu na sura za wanawake, kwani wanawake wa mbao hawakuwa na shida.

Majira ya baridi ya 2015, katika chumba hicho cha nyuma walikaa Veridiana na mama yake, Bibi Kanyange. Mwenye baa alikiita nyumba. Warundi waliokaa kambini Kigoma wameona mengi yakiitwa nyumba, hawakubisha.

Miguu ya Bibi Kanyange ilikuwa imegoma, na figo zikaifuata. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitakiwa hospitalini kusafishwa damu. Asipokwenda, atakufa. Daktari alilisema hilo kwa upole, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, maana aliona ni wageni.

Shida ni kwamba Nanga Tatu ilikuwa na tabia ya kutema vitu. Chochote kilichotoka kiwandani baada ya mwaka wake wa kuzaliwa, 1887, isipokuwa nguo, matandiko na glasi, ilikitoa nje, mara nyingi usiku, na kukipanga vizuri kando ya barabara. Ilitema kitambua moshi. Ilitema hita ya umeme, na Veridiana akalala na koti la kazini. Simu za walevi zilikuwa zinaponyoka mifukoni na kuwasubiri kwenye theluji, jambo ambalo wateja walilipenda sana. Walisema ndiyo raha ya kunywa mahali penye historia. Watu haikuwahi kuwatema. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenye nyumba.

Kiti cha magurudumu cha bibi kilitemwa siku ya kwanza. Wanaume wa kanisani kwao wakajenga njia ya mbao ya mteremko juu ya zile ngazi. Gundi ilikuwa haijakauka, njia nzima ikawa imetemwa barabarani. Kamati ya majengo ya kale ikamtuma Bi. Thornbury, mama mwenye skafu nzuri, aje kueleza kwamba mteremko usingeruhusiwa hata hivyo. Alishukuru kwamba nyumba ilikuwa imewapunguzia kazi.

"Lakini mama yangu anatokaje?" Veridiana aliuliza.

"Hilo ni swali zuri," Bi. Thornbury alisema, akaipapasa ngazi ya tatu.

Basi Veridiana akawa anambeba mama yake mgongoni. Ilikwenda hivyo mpaka mgongo wake mwenyewe ukalia kama mlango, na kiwandani alikofanya kazi wakamwambia apumzike nyumbani bila mshahara.

Jumapili moja Sylveri, aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisani, alizipima ngazi zile kwa macho.

"Dada Veridiana, kwani kule kwetu tuliwapelekaje wagonjwa zahanati? Nani alikuwa na gari?"

Zéphyrin, Mkongomani wa Uvira, akacheka. "Bon, donc tutengeneze machela! Kwetu kila mulima ulikuwa na kikundi yake. Ukikataa kubeba mugonjwa, wewe siku yako utajibeba."

Sylveri akaisuka gerejini kwake, kitanda cha kubeba mgonjwa mabegani, kwa fito za kando ya mto. Kosa lake la kwanza lilikuwa kamba ya nailoni: nyumba iliitema palepale mlangoni, fito zikatawanyika, na heri bibi alikuwa hajapanda. Akafunga upya kwa kamba ya katani. Safari hii nyumba ilinyamaza.

Jumatatu wakamtoa mpaka kwenye gari lililosubiri barabarani. Watu wanne mabegani, Zéphyrin mbele akiimba na wengine wakiitikia, kama inavyobebwa machela, maana bila wimbo hatua hazipatani. Bibi Kanyange alikuwa amelala juu na blanketi lake la maua, anacheka.

"Mara ya mwisho nimebebwa hivi nilikuwa bibi harusi," alisema. "Vijana wale walikuwa na nguvu kuliko nyinyi."

Walevi walitoka na glasi zao wakapiga makofi. Veridiana alilia barabarani bila kujificha. Kwa muda mzima wa baridi ile mama yake hakukosa hospitali hata mara moja.

Kufikia Machi nyumba ilikuwa imeizoea machela, ikaipenda. Asubuhi moja ukuta wa chumba cha nyuma ulikutwa umeota kulabu mbili za shaba, na machela ikiwa imening'inia hapo, fito zake zimeiva rangi ya kaunta. Mwenye baa akatoka barabarani kupiga simu kwenye kamati. Bi. Thornbury alifika na wataalamu wawili waliovaa glavu nyeupe. Waliinusa katani. Waliafikiana kwamba nyumba isingevumilia kitu kigeni, kwa hiyo machela haikuwa kitu kigeni.

"Niliisuka mimi," Sylveri alisema. "Januari."

Wakamtazama kwa heshima kubwa, wakamwomba asiiguse.

Ikawekewa kioo cha zamani na kufuli la zamani, kwa kuwa sasa ililindwa na sheria. Sylveri alisuka nyingine, nyumba iliitema. Ilikuwa na ya kwake tayari.

Ijumaa Veridiana aliinama, bibi akamshika shingoni. Sylveri alishika miguu. Wageni wa matembezi ya kihistoria walikuwa wamejaa chumbani mwao wakisikiliza habari za wanawake wa zamani, jinsi walivyoteseka kupita mlango wa ubavuni. Ilibidi kusubiri, na katika kusubiri Sylveri akakisoma kibao kilichopigiliwa chini ya kioo: Machela, takriban 1887. Fundi hajulikani.

"Wameandika nini?" Bibi Kanyange aliuliza.

"Wameisifu, bibi."

"Basi waambie imeanza kuchelewa kunichukua."

Mgeni mmoja akawaomba wasogee kidogo, walikuwa wanamzibia kioo. Wakasogea, kisha wakaanza kushuka ngazi.