Kivuko Kisiguswe

Ndengu za Kavindu zilikuwa zinapasuka maganda ng'ambo ya mto, na yeye amekwama huku, mikono kiunoni. Mafuriko yalibeba kivuko chote cha mawe. Maji yalipungua, lakini bado yalifika kiunoni na kuvuta miguu, na kuzunguka kupitia Masii kulimla mtu kutwa nzima. Mawe yalikuwepo. Magunia ya mchanga yalikuwepo. Kina mama wa mwethya, wanaolimiana na kujengeana kwa zamu, walikuwepo pia. Kilichokosekana ni ruhusa.

"Kisiguswe," alirudia Makau, naibu chifu. "Mkikijenga, wakubwa watatathmini nini? Tutakosa daraja la serikali."

"Hilo daraja litavusha ndengu za mwaka gani, Makau?"

"Mwaitu, mama yetu, kuwa na subira."

"Niko nayo mpaka imeota ukungu."

Asubuhi hiyo wakubwa walifika kweli. Ila walikuja kwa barabara ya juu, wakatokea ng'ambo, gari lao jeupe likaegeshwa ndani ya ndengu za Kavindu. Kijana mwenye kizibao cha kung'aa akapaza sauti.

"Habari zenu! Tunataka kuongea na waathiriwa! Vukeni!"

Kina mama wakatazamana. Syokau, jirani yake Kavindu, alicheka hadi akaketi chini.

"Kama tungeweza kuvuka," Kavindu akajibu kwa ukali, "nyinyi mngekuja kufanya nini?"

Kijana alinong'onezana na wenzake. "Basi tupige picha, mahojiano tutapanga siku nyingine!"

Kavindu alimtazama Makau. Makau alitazama viatu vyake. Nyuma ya kilima wingu la mvua lilikuwa limeshapanda. Kavindu akainama, akanyanyua jiwe, akalitupa majini.

"Mwaitu! Unatunyima daraja!"

"Waambie ni mimi."

Jiwe la pili lilitoka kwa Syokau. Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza Makau tena. Wageni walikuwa bado wakipiga picha wakati mawe na magunia ya mchanga yalipofika ng'ambo. Kijana akavua viatu, akawa wa kwanza kuvuka. Alisimama mbele ya Makau, akageuka kutazama alikotoka.

"Lakini hapa kuna kivuko," alisema. "Janga liko wapi?"

Makau alimgeukia Kavindu. Kavindu alishafika katikati ya mto, magunia matupu ya kuvunia ndengu begani.

"Mwambie asogeze gari," alisema bila kugeuka. "Limekanyaga chakula."