Mfuko wa Kushoto

Suruali zote za mume wangu hutoboka mfuko wa kushoto kwanza. Mimi ni fundi cherehani, najua ninachosema. Mfuko huo nimeuziba tangu tukiwa wachumba. Kasmiri ni fundi wa televisheni hapa Bariadi, na kila anapofungua TV ya chogo, zile nene za zamani, mkono wa kushoto anautia mfukoni na kufanya kazi kwa wa kulia peke yake. Ukiingiza mikono yote miwili, anasema, umeme unapita mkono huu na kutokea ule, na njiani unakutana na moyo.

Sheria yake ya pili ni kwamba akiwa ndani ya TV hakuna kumgusa. Hata mimi. Hata chai ikipoa.

Mwaka jana kiharusi kilimpitia. Mungu ni mwema, mdomo ulirudi mahali pake na mguu nao ukarudi, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukitetemeka na kuruka wenyewe bila kutumwa. Nikamwambia basi, chogo zimetosha. Tengeneza redio, tengeneza pasi. Akaitikia. Na kwa kuwa namjua, bisibisi yake ndefu nikaificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Ndipo akaja Nyanda kutoka Dutwa, chogo imefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma huku jasho likimtiririka.

"Mwadila. Hiyo nayo bado hujaitupa?"

"Nilimnunulia mama flati, hizi nyembamba, kaikataa. Anasema kitambaa chake hakikai juu yake."

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Kasmiri hakucheka. Alikuwa ameshasimama, anaizunguka ile TV kama mtu aliyepata mgeni wake.

"Usiogope mzee, haina umeme," Nyanda akasema. "Nimeichomoa tangu jana."

"Kioo kinatunza umeme," Kasmiri akamjibu. "Niachie."

Kinatunza kweli. Kisogoni ana kovu la siku aliporushwa ukutani na TV ambayo haikuwa hata kwenye soketi. Nilikuwepo, na nilidhani nimempoteza.

Nyanda alipoondoka tu, nikawaka. "Baba Evalina, unataka niwe mjane?"

"Hapana."

"Mkono wako unaruka!"

"Najua, mama."

Angebishana ningepata nafuu. Yeye akaendelea kuifuta ile TV vumbi, na mimi nikashinda nakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara kwa mara.

Asubuhi yake nilikuwa nashona sketi ya mteja nikamwona. Alikuwa ameketi mbele ya ile TV, na hakuwa amefungua hata skrubu moja. Aliutia mkono wa kushoto mfukoni, akainua wa kulia, akatulia. Wa kushoto ukaruka nje. Akaurudisha. Ukaruka tena. Akaurudisha taratibu, bila kuukasirikia, hajui kama namwona. Nimemkasirikia mwanaume huyu kwa mambo mengi, lakini asubuhi ile nilimpenda mpaka machozi yakadondokea sketi ya watu.

Nikachukua futi. "Lete mkono."

Nilimpima kiganja, nikapima kifundo, naye akasimama wima bila kuuliza kitu. Nikakata kaki, nikashona kwenye suruali yake mfuko mpya wa tabaka mbili, mrefu, wenye mkanda mdomoni wa kuzunguka kifundo. Nikatafuta kifungo cha plastiki. Cha chuma sikuthubutu. Alipoivaa suruali nikauingiza mkono wake mimi mwenyewe na kufunga kifungo. Mkono ukaruka humo ndani kama kifaranga chini ya tenga, lakini haukutoka.

Hapo ndipo nilipofungua droo na kumpa bisibisi.

"Kumbe ilikuwa kwenye vifungo," akasema.

"Fanya kazi."

Akafungua mgongo wa TV. Akabana waya kwa kibanio kwenye chuma cha bisibisi, ncha ya pili akaibana kwenye ule waya mtupu unaozunguka kioo kwa nyuma. Alishika mpini wa plastiki tu. Nilisimama mbali kama alivyonifundisha, nimevaa kandambili za mpira, naomba kimoyomoyo. Akaipenyeza bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobana kioo, ili kuutoa umeme uliobaki.

Pa!

Nikaita Yesu. Nikamwendea mbio.

"Bado! Usiniguse. Umeme hurudi kidogo."

Nikasimama pale pale. Akangoja, akaipenyeza tena, ikalia kidogo tu, kama njiti inayovunjika. Akangoja tena. Mara ya tatu hapakulia kitu. Akaweka bisibisi chini, akavuta pumzi, akanigeukia akiwa na uso wa yule kijana aliyekuja kunichumbia.

"Sasa," akasema. "Sasa niguse."

Nikafungua kifungo na kuutoa mkono wake. Ulikuwa na joto mkononi mwangu, unatetemeka. Akinamama wa sokoni walikuwa wanapita mbele ya baraza letu na ndoo zao, wanatuangalia. Katika ndoa yetu yote Kasmiri hajawahi kunishika mkono mbele za watu, hatukulelewa hivyo. Nilingoja aurudishe mfukoni.

Hakuurudisha.