Mtende wa Sebuleni kwa Shangazi

Daktari wa mifugo alifungua kiganja chenye glavu, akanionyesha vipande vya shina vilivyotafunwa.

"Huu si mtende," akasema kwa sauti ya chini. "Unafanana nao tu. Huu ni mtapo, na mtapo ni sumu kuanzia mizizi hadi majani. Nani alimuuzia yule mama aliyeko nje?"

Ni mimi, na wala sikumuuzia. Nilimpa zawadi.

Wakati ule nilikuwa nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka kumi na miwili, na maringo ninayo ya kutosha. Sisi hatukupanga mimea kwa ukoo wake, tuliipanga kwa sura, maana wateja huja wakisema wanataka ile yenye majani kama unyoya. Basi kila chenye majani ya namna hiyo nilikisukumia safu moja, nikachomeka kibao nilichoandika mwenyewe: MITENDE. Mtapo ulikuwa humo humo, umejitandaza zake, mzuri kuliko yote.

Shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea tangu mama afariki, aliuangalia kwa mashaka nilipompelekea. "Mwanangu, Kifungo unamjua. Yule mbwa akikosa kiatu atatafuna hata mguu wa meza. Hautamdhuru?"

"Shangazi nawe. Mtende na mbwa wapi na wapi? Autafune mpaka achoke."

Na kweli, mtende halisi haumdhuru mbwa. Hilo nililijua vizuri. Kumbe nilichokuwa nimempa ni kitu kingine.

Kifungo alianza kutapika Jumanne. Alhamisi macho yakawa ya manjano, Shangazi akamfunga kwenye kitambaa cha gauni la mteja, tukamkimbiza kwa daktari. Ini lilikuwa limekwisha. Alikufa kabla ya saa saba mchana.

Nilipotoka chumbani kwa daktari, Shangazi alikuwa kwenye benchi, kile kitambaa kikiwa mapajani. Aliniuliza kabla sijaketi.

"Niambie ukweli. Ni ile dawa ya sisimizi niliyopulizia sebuleni?"

Mungu ananiona, nilifungua mdomo niseme. Lakini alinitazama kwa imani tupu, nikaogopa. Niliogopa asije akanichukia, basi.

"Huenda," nikajibu.

Kesho yake nilizua kisingizio, nikauondoa ule mtapo nyumbani kwake. Kibao nikakivunja. Hayo yalikuwa rahisi. Kumwambia ndiko kulikonishinda. Kila nikienda najisemea leo, naishia kumsaidia kutia uzi kwenye sindano na kuaga. Ikapita miaka saba hivyo hivyo.

Mwaka jana jirani alimletea kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Shangazi alikipakata, akakinusa utosini, akacheka kidogo. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Kisha akakirudisha kikapuni taratibu.

"Mpelekee mwingine, dada," akasema. "Mimi niliwahi kumuua mmoja kwa mikono yangu hii."

Nilikuwa nimekaa palepale, kikombe mkononi. Jirani akanigeukia, akingoja nimpe moyo shangazi yangu.

Nikasema chai imekolea sukari.