Mbuzi wa Muthama

Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 2000, Mbeke alikuwa uani kwake akisugua sufuria kwa maji yaliyokwisha kuosha pojo, kisha vikombe, kisha miguu ya mumewe. Baada ya sufuria yangepewa ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wawili, na kwa siku kadhaa walikuwa wakiyanusa maji hayo na kumtazama Mbeke kama wageni walioletewa chai baridi.

Upepo ulileta harufu ya nyama choma kutoka kwa jirani yake, Muthama. Mbeke akatema mate upande huo.

Hakumchukia Muthama bure. Miaka michache nyuma, jiwe la mpaka kati ya mashamba yao lilihama bila kubebwa na mtu yeyote anayejulikana, na likahamia upande wa Mbeke. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Katekista Lazarus alipowaambia waumini wapeane amani, wao wawili walipeana visogo. Mbeke aliapa kwamba hata Muthama akifa kwa kiu mlangoni pake, hatampa tone.

Sasa kulikuwa na jambo la maji. Shirika moja la msaada lilikuwa limeahidi kijiji chao, nyuma ya Kitengela, kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Kimoja, si viwili. Mtaalamu wa shirika, msichana aitwaye Celine, alizunguka mashambani na nyaya zake na kisanduku chake, kisha akawakusanya watu na kuwaambia bila kupindapinda: chini ya boma la Mbeke kuna maji matamu, chini ya shamba la Muthama kuna mwamba, na chini ya mwamba huo kuna mwamba mwingine. Watu walimwelewa. Hata Muthama, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kisicho na maji, alikubali kwa kichwa. Lakini sheria ya shirika ilisema wananchi wachague mahali wenyewe, ili wakipende kisima chao. Wangechagua kwa kupanga mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mwenye shamba analolitaka, Jumapili baada ya ibada.

Kwa hiyo Jumamosi Muthama alichinja mbuzi.

Masila, mume wa Mbeke, alirudi jioni midomo ikimeremeta.

"Umekula," Mbeke alisema.

"Nimeonja tu. Ubavu mmoja. Mtu akikuita utakataa aje, na ni jirani?"

"Jirani wa jiwe gani? La zamani ama la sasa?"

Masila alifungua kinywa amjibu, na ndani ya tumbo lake mbuzi akalia: meee.

Mbeke aliitambua sauti. Ilikuwa ya yule beberu mweupe mwenye sikio lililokatwa, aliyewahi kuruka ua na kummalizia kabichi.

"Huyo hakuiva," alisema. "Kesho utasimama wapi?"

"Nyuma yako, Mama Ndanu. Kwani nitasimama wapi? Maji si ni yetu?"

Meee.

"Nakuuliza wewe, si yeye."

Masila alishika tumbo na kuapa kwa jina la mama yake. Alikuwa akisema kweli. Alijua, kama alivyojua mkewe, kwamba bila kisima ng'ombe hao hawangemaliza kiangazi, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wakimweka binti yao Ndanu katika shule ya bweni.

Jumapili watu walikusanyika uwanjani nje ya kanisa. Lazarus aliomba Mungu awape hekima. Watu wakasema Amina, na baada ya Amina matumbo yakalia, moja hapa, jingine pale, mengine kwa pamoja.

Celine aliinua uso. "Ni nini hiyo?"

"Ni mbuzi wa mwenyekiti, madam," alisema Elphas Ojwang.

"Kule Isinya ilikuwa kondoo," Celine alisema. "Kondoo ni afadhali. Hana kelele."

Mbeke aliomba nafasi ya kusema, na kabla hajapewa akaichukua.

"Mlimsikia huyu msichana. Maji yako kwangu. Najua hamnipendi, na mimi siwapendi, lakini ng'ombe wenu wanakufa kama wangu. Mmekula, sawa. Nendeni nyuma ya choo mtapike, halafu mje mchague."

Elphas aliudhika. Alikuwa karani mjini Nairobi, akiondoka kila alfajiri na kurudi na gazeti kwapani, na watu walimheshimu kwa sababu ya gazeti hilo.

"Mama Ndanu, usitutusi. Mimi ni mtu wa kufikiri. Siwezi kununuliwa na mguu wa mbuzi."

"Kwani ulikula mguu?"

"Wa nyuma," Elphas alisema.

Meee, alithibitisha mbuzi.

Mbeke alisimama upande mmoja wa uwanja, Muthama upande wa pili, mikono yake ikiwa imekunjwa juu ya kitambi. Celine akapuliza filimbi. Umati wote ulianza kutembea kuelekea kwa Mbeke. Ulitembea vizuri mpaka katikati ya uwanja. Hapo matumbo yakageuka kuelekea kwa Muthama, na viatu vikafuata matumbo, kama vinavyofuata kila siku.

Kila mtu, alipofika nyuma ya Muthama, alitafuta sababu na kuipata. Lazarus alisema shamba la Muthama lina kivuli, na akina mama watangojea zamu yao bila kuchomwa na jua. Elphas alisema kwamba kitaalamu mwamba huchuja maji, kwa hiyo palipo na mwamba mwingi pana maji safi zaidi. Bibi mmoja asiye na meno, ambaye hakuonja hata supu, alitazama mlolongo mrefu, akatazama mahali patupu nyuma ya Mbeke, akachagua mlolongo. Alisema watu wengi namna ile hawawezi kupotea wote.

Masila alibaki katikati. Pembe zilionekana zikisukuma shati lake kutoka ndani. Alimtazama mkewe.

"Mama Ndanu," alisema, "hebu fikiria kelele ya pampu. Hatutalala."

Akaenda kusimama mwisho wa mlolongo wa Muthama. Nyuma ya Mbeke kilibaki kivuli chake tu, na kwa kuwa ilikuwa saa sita mchana, hata hicho kilikuwa kifupi.

Mashine ilikuja, ikachimba kwa Muthama. Lilitoka vumbi jeupe. Likafunika sukuma wiki, nguo kambani na nyuso za watazamaji, mpaka watu wakafanana na sanamu za watu. Celine aliisimamisha mashine.

"Ni mwamba," alisema. "Niliwaambia. Lakini dizeli ya siku moja imebaki. Nikivusha hii mashine ng'ambo ya ua saa hii, kesho mtakunywa. Pangeni laini tena."

Walipanga tena. Safari hii mbuzi hakuwa na kazi ya kusukuma.

"Tumeshachimba sana," Elphas alisema, akipangusa miwani. "Mtu mwenye akili hawezi kuacha shimo refu namna hii. Itakuwa hasara."

"Na kadiri shimo linavyorefuka ndivyo maji yanavyokaribia," Lazarus aliongeza.

"Maji yako hapa!" Mbeke alipaza sauti kutoka upande wake wa ua, akaipiga ardhi kwa kisigino. Huko chini maji yakasikika yakijigeuza, kama mtu mnene kitandani. Yalisikika mpaka mwisho wa mlolongo. Watu wakamwambia Mbeke aache kuvuruga mkutano.

Mashine ikaendelea pale pale mpaka meno yake yakakwama kwenye mwamba na kubaki huko. Shirika likaondoka na kuacha kibao kizuri cha bati chenye jina la mradi na jina la mwenyekiti. Jioni hiyo kijiji kizima kilikubaliana kuhusu chanzo cha hasara: roho mbaya ya Mbeke ndiyo iliyoyafunga maji. Muthama alimtetea hadharani. Alisema ni mwanamke wa kuhurumiwa tu.

Ng'ombe wa kwanza alilala asiamke. Wa pili alipelekwa kichinjioni angali anaweza kutembea. Ndanu akarudi nyumbani na sanduku lake la bati, akaliweka chini ya kitanda.

Mbeke akawa anafuata maji mtoni kila asubuhi na kurudi jua likiwa utosini, jerikeni mgongoni, kamba yake ikimkata paji la uso. Siku moja aliporudi alimkuta Masila mlangoni kwenye kigoda.

Meee.

"Ana kiu," Masila alisema kwa upole, kama anayesemea mgeni asiyejua lugha.

Mbeke alitua jerikeni. Alifikiria kiapo chake. Alimfikiria pia Masila, ambaye hangeweza kunywa bila mbuzi kutangulia. Akamimina kikombe, akampa. Masila alikunywa, na ndani yake mbuzi akasikika akilamba, akilamba, kisha akapumua.

Ng'ambo ya ua Muthama alikuwa akimkatia majani beberu mwingine, mnene kuliko wa kwanza, maana ilisemekana kuna watu wanakuja kuuliza wananchi barabara ipite wapi. Aliweka mguu mmoja juu ya jiwe la mpaka. Jiwe lilikuwa limesogea tena, na sasa lilikuwa karibu na choo cha Mbeke.

"Mama Ndanu," aliita, "mbuzi wangu anaendeleaje?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu jiwe lianze kutembea.

"Anakunywa," Mbeke alijibu, na kumjazia kikombe cha pili.