Kipimo cha Kwapani

Mama Vifungo hakuwa mwongo. Miaka thelathini na miwili alishona vifungo na kupiga pasi dukani kwa mumewe, Fundi, mshonaji wa nguo, na kama kuna kitu kilichomchefua, ni mteja kuvuta tumbo ndani anapopimwa kiuno. "Unamdanganya nani?" alikuwa akiwauliza. "Nguo itakuja kukuumbua mbele za watu." Kwa hiyo hayo aliyokuwa akiyafanya wodini tangu jana, angesimuliwa na mtu mwingine asingeyaamini.

Kila muuguzi alipoanza kupima joto kitanda cha kwanza, Mama Vifungo alikuwa akivuta pazia, anatoa mkobani kitambaa kilicholowa maji baridi, anakikunja mara nne na kumbana nacho mumewe kwapani. Muuguzi anapofika kitanda cha sita, kitambaa kimesharudi mkobani, kwapa limeshapanguswa, na kipimo kinasoma thelathini na sita na nusu. Mara tatu sasa. Kupoza kilichotoka kwenye pasi ndiyo kazi yake, na mikono haikumwangusha.

Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa akiwaka moto. Siku tatu nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake ulikuwa umevimba na ukuta wake umekuwa mwembamba. Madaktari walipitia kwenye kinena, wakaingiza mrija wa kitambaa wenye pete za waya, wakautandaza ndani ya mshipa ili damu ipite humo. Fundi alipoelezwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mnanitia bitana! Miaka yote natia bitana makoti ya watu, leo zamu yangu."

Mkewe hakucheka. Katika yote aliyoyasema daktari siku ile, yeye aliondoka na neno moja tu: kitambaa kikiingiwa na vijidudu, huenda tumbo likapasuliwa ili kitolewe. Basi jana alipogusa paji la uso la mumewe na kuukuta moto, akili yake ilikimbia moja kwa moja kwenye kisu. Homa isipoonekana, alijiambia, hakuna atakayempasua. Fundi alikuwa hoi, akaacha abanwe kwapa bila kuuliza.

Asubuhi hiyo daktari alikuja na karatasi mkononi, amekunja uso. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Mzee, mambo yako hayapatani. Damu inasema mwili umewaka, chembe nyeupe zimepanda. Lakini joto lako ni la mtu aliyetoka kuoga. Kama huna homa na unajisikia vizuri, kesho ningekuruhusu urudi nyumbani."

Nyumbani! Moyo wa Mama Vifungo uliruka. Kisha akamwona mumewe anavyotetemeka chini ya shuka, meno yanagongana, naye anajitahidi kutabasamu.

"Mama Vifungo," Fundi alisema polepole, "mteja akivuta tumbo ndani, tunamwambiaje?"

Mama Vifungo alifungua mkoba, akakitoa kile kitambaa kibichi na kukiweka juu ya karatasi ya daktari. Machozi yalimlengalenga. "Nilikuwa nampoza, daktari. Niliogopa mtamfungua tumbo."

Muuguzi alishika mdomo. Daktari alikiangalia kitambaa, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, hiyo homa ndiyo ninayoitafuta. Wagonjwa wengi mwili ukikutana na kitambaa kipya huwaka siku kadhaa bila kijidudu chochote, halafu hutulia wenyewe. Ila siwezi kusema ndivyo ilivyo kwake kabla sijachukua damu nikahakikisha. Ungekwenda naye nyumbani hivi, na kumbe ni vijidudu, ungenirudishia maiti."

Mficha maradhi kilio humfichua. Mama Vifungo alikuwa ameusema msemo huo kwa majirani mara ngapi? Siku hiyo ulimwingia hadi kwenye mifupa.

Walimpima upya: thelathini na nane na nukta saba. Wakachukua damu, wakaanza kusubiri. Mama Vifungo hakula. Fundi ndiye aliyemfariji, yeye mgonjwa. "Mwili haujamzoea mgeni, basi. Hukumbuki ulipoolewa? Mama yangu alikuwa na homa mwezi mzima."

"Mwaka," alisema mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka kidogo.

Siku ya tatu daktari alirudi. Damu ilikuwa safi, hakuna kilichoota. Muuguzi alifika na kipimo, akasimama, kisha akamkabidhi Mama Vifungo. "Leo weka mwenyewe, mama."

Alikausha viganja vyake kwenye gauni mara mbili. Akakiweka kipimo kwapani, akaushika mkono wa mumewe ubavuni usilegee, akainama kusubiri. Kipimo kililia. Thelathini na sita na nukta saba. Aliisoma, akaisoma tena, akaomba wampime upya, wasije wakasema ametia maji. Muuguzi akakirudisha kwapani, na hapo Mama Vifungo akashindwa kujizuia, machozi yakamtiririka mpaka kwenye bega la Fundi.

"Sogea huko, mke wangu," Fundi alisema, akimvuta karibu zaidi. "Utakilowesha tena."